Jiko la kuni ndani ya meko ya matofali: linafuka, linazimika, linavuja lami. Anzia wapi?

Jiko dogo la chuma likishapandishwa ndani ya meko ya zamani ya matofali, malalamiko hayachelewi: moshi chumbani, kioo cheusi, moto usioshika, madoa ya kahawia ukutani yanayotokana na lami, yaani majimaji meusi ya moshi uliopoa. Wa kwanza kulaumiwa huwa jiko, na mara nyingi limeonewa. Jiko halijivutii hewa lenyewe. Kinachovuta ni dohani: hewa moto iliyomo ndani yake ni nyepesi kuliko hewa ya nje, inapanda, na katika kupanda kwake inanyonya hewa mpya kupitia matundu ya jiko. Dohani ikipoa, ikiziba au ikiwa pana kupita kiasi, hakuna jiko litakalofanya kazi vizuri chini yake, hata liwe la bei gani.

Hesabu moja inaeleza mengi. Dohani nyingi za meko ya wazi zina nafasi ya ndani ya milimita 225 kwa 225, yaani sentimita za mraba 506. Jiko la kilowati 5 kwa kawaida lina shingo (tundu la kutolea moshi) ya milimita 125, yaani sentimita za mraba 123. Moshi ukitoka kwenye shingo hiyo na kuachiwa tu ndani ya dohani ya zamani, unaingia mahali penye upana mara nne. Unapunguza mwendo, unagusa matofali baridi, unapoa. Meko ya wazi yalihitaji upana huo kwa sababu yalivuta hewa nyingi ya chumba pamoja na moshi. Jiko lililofungwa linatoa moshi kidogo. Ndiyo maana tunasisitiza bomba la ndani la chuma kisichoshika kutu, lenye kipenyo sawa na shingo ya jiko, kutoka kwenye jiko hadi kileleni. Asiyeliweka atakutana na nusu ya matatizo yaliyoandikwa hapa.

Kabla ya kutafuta kosa, hakikisha unajua kilichopo. Jiko liwe limekaa sawa kwa pimamaji, juu ya sakafu isiyoshika moto. Kutoka kwenye shingo kuwe na bomba lililosimama wima angalau sentimita 60 kabla ya kona yoyote, na kona zisizidi nyuzi 45. Kisha liwepo bamba la kuziba mdomo wa dohani, bomba la ndani, na kofia juu. Urefu wote kutoka sakafu ya meko hadi kileleni usipungue mita 4.5. Kama jiko linatolea moshi nyuma, kipande cha bomba kinacholala kisizidi sentimita 15.

Na jambo moja lisilosubiri. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, kwa hiyo moshi unaouona siyo hatari pekee. Weka king'ora chake katika chumba chenye jiko, mita 1 hadi 3 kutoka kwenye jiko. Kikiwa darini, kiwe angalau sentimita 30 kutoka ukutani. Kikilia, fungua milango na madirisha, toeni watu wote nje, na jiko lisiwashwe tena mpaka chanzo kijulikane. Kuumwa kichwa na kichefuchefu kunakoisha mtu akitoka nje, kisha kurudi akirudi ndani, ni dalili ya kuchukuliwa kama king'ora chenyewe.

MOSHI UNAINGIA CHUMBANI

Swali la kwanza si "kwa nini", ni "lini". Jibu la lini linapunguza orodha ya visababishi kwa zaidi ya nusu.

Unaingia wakati wa kuwasha tu, kisha unaacha. Hapo dohani ni baridi. Hewa nzito iliyolala ndani ya bomba imekaa kama kizibo, na moto mdogo wa vijiti hauna nguvu ya kuisukuma. Hutokea sana kwenye dohani iliyojengwa kwenye ukuta wa nje wa nyumba, ambayo inapigwa na baridi pande tatu. Chukua kijiti cha udi, kiwashe, fungua mlango wa jiko na ukishike kwenye ukingo wa juu wa mlango. Uzi wa moshi ukipinda kuelekea ndani, dohani inavuta, washa. Ukisimama wima bila kuamua, au ukikugeukia usoni, hewa inashuka. Sokota karatasi moja ya gazeti, iwashe, uisukume juu karibu na shingo, juu ya dari ya jiko kama nafasi inaruhusu. (Dari ya jiko ni lile bamba lililolala juu ya moto, linalolazimisha moshi upinde kabla ya kupanda.) Utasikia mvumo mdogo hewa inapogeuka. Rudia udi. Ukipinda ndani, sasa washa kuni.

Namna ya kupanga kuni nayo inasaidia. Weka magogo mawili madogo chini, vijiti vikavu kumi hivi juu yake kwa mpangilio wa msalaba, na kiwashio juu kabisa. Moto ukianzia juu, joto la kwanza linakwenda moja kwa moja kwenye bomba badala ya kuliwa na magogo baridi. Matundu yote ya hewa yawe wazi, na mlango uachwe na mwanya wa sentimita 1 hadi 2 kwa dakika kumi za mwanzo, ukiwa umekaa hapo hapo unaangalia.

Unaingia ukifungua mlango tu. Kwanza tazama mkono wako. Mlango ukivutwa kwa ghafla unatoka na moshi, hata kwenye jiko zima lenye dohani nzuri. Fungua hewa yote, subiri nusu dakika, achia mlango kidogo kama upana wa kidole, hesabu hadi tano, kisha fungua taratibu. Na ongeza kuni wakati moto umeshuka kuwa makaa, si wakati ndimi zimejaa.

Kama bado unafuka, itoe dari ya jiko. Juu yake masizi na jivu laini hukusanyika, na katika majiko madogo mwanya wa moshi kupita hapo ni wa sentimita chache tu. Masizi ya kujaa viganja viwili yanatosha kuufunga. Hapa ndipo tunapokuta kosa mara nyingi kuliko popote, na kusafisha kwake ni kazi ya dakika kumi. Wakati wa kuirudisha, angalia imekaa upande sahihi na kwenye vishikizo vyake. Dari iliyosukumwa nyuma hadi ukutani hufunga njia ya moshi kabisa.

Dari ikiwa safi, pima bomba. Kipenyo kisipungue mahali popote chini ya kile cha shingo. Kuna wanaotoka na milimita 150 kwenye jiko kisha wanapunguza hadi 125 ili bomba lipite kwenye kona ya dohani. Jiko halitawasamehe, na kwa kawaida hata mtengenezaji haruhusu. Kama kona ya ndani inazuia, matofali machache yatolewe pale, kisha parudishwe vizuri.

Unaingia muda wote. Usiwashe tena kabla ya kukagua njia ya moshi. Kuna kizuizi, au nyumba haina hewa. Vizuizi vya kawaida ni kiota cha ndege, kofia yenye wavu uliojaa masizi, bomba la ndani lililojikunja au kupondwa wakati wa kushushwa, na mlango wa zamani wa kufunga dohani uliosahaulika juu ya bamba. Toa dari ya jiko, ingiza simu yenye kamera na tochi, upige picha kuelekea juu. Bomba lililonyooka linaonyesha duara ya mwanga kileleni, au angalau kingo zilizo sawa hadi kwenye kona. Kofia yenye wavu ni msaada dhidi ya ndege, lakini kwa mtu anayechoma kuni mbichi matundu yale huziba katika wiki chache. Ikikutokea, usifikirie kung'oa wavu kabla ya kufikiria kuni zako.

Kizuizi kisipokuwepo, jaribu dirisha. Moto ukiwa unawaka, fungua dirisha la chumba hicho sentimita 5. Moshi ukikoma na moto ukachangamka, umepata jibu: jiko linakosa hewa ya kuvuta kwa sababu nyumba imezibwa vizuri mno, au kuna feni inayotoa hewa nje na kushindana na dohani. Feni ya kutolea hewa jikoni ina nguvu kuliko dohani yoyote ya nyumbani. Ikiwashwa, dohani inageuka kuwa tundu la kuingizia hewa. Fanya jaribio kamili: funga milango na madirisha yote, washa feni zote kwa kasi ya juu, kisha shika udi kwenye mwanya wa mlango wa jiko. Dawa yake ni tundu la hewa la kudumu kwenye ukuta wa chumba hicho, lisilo na kifuniko cha kufunga. Liweke karibu na jiko. Likiwa ukuta wa mbali, ubaridi utapita miguuni mwa watu, na mtu atalifunika kwa kitambaa kabla mwezi haujaisha.

Unaingia upepo ukivuma kutoka upande mmoja. Kilele cha dohani kimekaa kwenye kivuli cha kitu kirefu: paa, jengo, mti. Upepo ukipiga kitu hicho unasukumwa chini ndani ya bomba. Kipimo kinachotumika sana: dohani ipande angalau sentimita 90 juu ya pale inapotokea kwenye paa, na iwe juu kwa angalau sentimita 60 kuliko chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa ulalo. Anza na urefu, halafu ndipo uje kwenye kofia ya kuzuia upepo. Watu hufanya kinyume kwa sababu kofia ni rahisi kununua.

Harufu au uzi wa moshi kwenye viungo vya bomba. Hii ni saruji ya moto (saruji maalumu ya kustahimili joto) iliyopasuka pale bomba linapoingia kwenye shingo. Chuma hutanuka kikipata joto, saruji haitanuki nacho, kwa hiyo kiungo kilichojazwa saruji peke yake hupasuka msimu wa kwanza. Kwangua yote. Funga kamba ya moto (kamba ya nyuzi zisizoungua) ya milimita 6 kuzunguka bomba, ishindilie kwa bisibisi butu hadi ikae chini ya ukingo, kisha paka saruji juu kama kifuniko tu. Iache ikauke saa 24 na uwashe mioto miwili midogo kabla ya moto wa kweli. Saruji ikichemshwa kabla haijakauka, maji yaliyomo yanatoka kama mvuke na kuacha vitundu.

MOTO HAUSHIKI, AU UNAZIMIKA UKIFUNGA MLANGO

Kama mvuto upo na udi umethibitisha, tazama kuni. Gogo la kilo 1.5 ambalo asilimia 40 ya uzito wake ni maji limebeba gramu 600 za maji, zaidi ya nusu lita. Kila ukitupia gogo kama hilo ni kama umemimina kikombe kikubwa cha maji motoni, na joto lote la kuyageuza mvuke linatoka kwenye moto huo huo. Unyevu unaotakiwa ni chini ya asilimia 20. Pima kwa kipima unyevu, lakini usichome sindano zake kwenye ganda wala kwenye ncha zilizokatwa zamani. Pasua gogo katikati na upime uso mpya mara moja. Nje gogo linaweza kusoma 15 na ndani 30. Bila kipimo, sikiliza: kuni kavu zikigonganishwa hutoa mlio mkali, mbichi hutoa mdundo mzito. Na ukiona povu likichemka kwenye ncha za gogo huku likizomea, huhitaji kipimo chochote.

Baada ya unyevu, ukubwa. Kwa jiko dogo, magogo ya unene wa sentimita 7 hadi 12, na urefu unaopungua sentimita 5 kwa upana wa ndani. Gogo moja peke yake haliwaki vizuri. Linahitaji mwenzake wa kurudishiana joto. Acha pia tandiko la jivu la sentimita 2 hadi 3. Wanaofagia jiko hadi chuma kionekane kila asubuhi wanaondoa blanketi la makaa yao.

Kisha hewa. Majiko mengi yana kidhibiti cha chini na cha juu. Hewa ya chini ni ya kuwashia. Kuni zinapenda hewa ya juu, ile inayoshuka mbele ya kioo na kuchoma gesi zinazotoka kwenye gogo. Ukishapata moto imara, funga ya chini taratibu na uendeshe kwa ya juu.

JIKO LINA MOTO LAKINI CHUMBA NI BARIDI

Shika udi karibu na dari ya upenyo wa meko, juu ya jiko. Moshi ukinyonywa kwenda juu, hakuna bamba la kuziba, au limeachwa na mianya. Joto lote linalotoka kwenye mgongo na juu ya jiko linapanda dohani, likiondoka pamoja na hewa ya chumba uliyokwisha kuipasha. Bamba liwe la chuma kisichoshika kutu au ubao maalumu usioshika moto, likae juu ya kamba ya moto pande zote, na liwe na mlango mdogo wa ukaguzi isipokuwa kama bomba la ndani limeungwa moja kwa moja hadi kwenye jiko. Bamba lisilo na mlango, chini ya dohani isiyo na bomba la ndani, hatulikubali: masizi yanalundikana juu yake bila mtu kuona, na lundo hilo linaweza kushika moto au kufunga njia.

Sababu ya pili ni jiko kubanwa. Hewa inatakiwa ipite chini, izunguke mgongoni na itoke juu ikiwa moto. Acha angalau sentimita 15 pande zote na nyuma, na sentimita 30 juu, au zaidi kama kijitabu cha jiko kinataka zaidi. Jiko lililochomekwa kama droo ndani ya meko linapasha matofali, hasa kama ukuta wa nyuma ni wa nje.

Na huenda dari ya jiko haipo kabisa. Hutokea imeungua, ikatolewa, haikurudishwa. Dalili yake ni ndimi za moto zinazopanda moja kwa moja bombani.

KIOO KINAKUWA CHEUSI

Kikiwa cheusi chote baada ya moto mmoja, ni kuni mbichi au hewa ya juu imefungwa mapema. Kikiwa cheusi kwenye kona za chini tu, si ugonjwa. Kikiwa na mstari mweusi upande mmoja, kamba inayoziba ukingo wa mlango imelegea upande huo. Funga mlango juu ya ukanda wa karatasi na uuvute. Ukitoka bila kukazana, hapo hapashiki. Rudia kila sentimita 10.

Kubadilisha kamba si kazi ngumu. Pima kipenyo cha mfereji (majiko mengi madogo hutumia milimita 10), kwangua gundi ya zamani hadi chuma, paka gundi ya joto kali, laza kamba bila kuivuta. Ukiivuta inakuwa nyembamba na mlango haufungi. Ncha mbili zikutane upande wa chini, mlango ufungwe juu ya karatasi ya plastiki usiku mzima ndipo uwashe. Kioo kisuguliwe kwa gazeti lililoloweshwa na kuchovywa kwenye jivu laini, jiko likiwa baridi kabisa. Na skrubu za kioo zikazwe hadi zishike tu. Kioo cha jiko kinastahimili moto, hakistahimili kubanwa. Vingi vinavyopasuka vimepasuliwa na spana.

MOTO UNAKIMBIA NA HAUSIKII

Umefunga hewa yote na bado unanguruma. Hewa inaingia kwa njia nyingine: kamba ya mlango, mlango wa jivu usiofunga, ufa kwenye kiungo cha bamba za jiko. Zungusha udi kando ya kila kiungo, moto ukiwa mdogo, utaona uzi wa moshi unapochomoka na kuingia. Kama kila kitu kimeziba, dohani inavuta kupita kiasi. Majiko mengi yanapimwa kwa mvuto wa karibu paskali 12 (paskali ni kipimo cha kani ya hewa). Dohani ndefu yenye bomba lililofunikwa vizuri inaweza kuzidisha mara mbili. Fundi apime kwa kipimo chake, na jibu ni kifaa cha kupunguza mvuto kwenye bomba, kama mtengenezaji anakiruhusu.

Bandika kipimajoto cha sumaku kwenye bomba, sentimita 45 hivi juu ya jiko. Kwa bomba la ukuta mmoja, chini ya nyuzi joto 115 za Selsiasi ni baridi mno na lami inaanza kutengenezwa. Kati ya 115 na 245 ni salama. Juu ya hapo unaunguza jiko lako. Chuma kikiwa chekundu, funga hewa zote, usifungue mlango, usimwage maji. Maji kwenye chuma cha kusubu (kilichomiminwa kwenye kalibu) kilicho moto hukipasua papo hapo.

MADOA YA KAHAWIA NA LAMI

Tatizo hili linaharibu nyumba polepole, na hugunduliwa likiwa limekomaa. Moshi wa kuni una mvuke wa maji na mvuke wa lami. Ukipoa ndani ya dohani, vyote viwili vinageuka maji meusi yenye harufu kali na kuteremka. Tazama bomba jeusi lililo juu ya jiko: tone linatokeza kwenye kiungo, linateremka, linakauka na kuacha mstari unaong'aa kama vanishi. Mstari huo ukiwa nje ya bomba, mabomba yameungwa kichwa chini. Ncha nyembamba ya kila kipande inatakiwa ielekee chini, iingie ndani ya ncha pana ya kipande cha chini yake. Hapo kinachoteremka kinabaki ndani na kurudi jikoni kuungua. Mafundi waliozoea mabomba ya kutoa hewa hugeuza kwa kuamini kwamba moshi utapenya kwenye kiungo. Dohani ikivuta, hewa ndiyo inayoingia kiungoni. Kinachotoka ni lami. Bomba la ndani linalopinda nalo lina mishale: ielekee juu, moshi unakokwenda.

Viungo vikiwa sahihi na lami bado ipo, kuna mambo matatu, na mara nyingi yote yapo pamoja.

Kuni mbichi tumeshazisema.

La pili ni jiko kubwa kuliko chumba. Kwa nyumba iliyozibwa kwa wastani, kilowati 1 inatosha mita za ujazo 14 hivi. Chumba cha mita 5 kwa 4, chenye kimo cha mita 2.4, kina mita za ujazo 48, kwa hiyo kinataka kilowati 3.4. Mwenye jiko la kilowati 8 humo ndani atafunga hewa kila jioni ili asiungue, moto utafuka chinichini usiku kucha, na lami itateremka. Hapana dawa ya kweli ila jiko dogo zaidi, au mioto midogo mikali badala ya mmoja mkubwa uliobanwa. Kujaza jiko na kulibana "lilale hadi asubuhi" ndiyo desturi inayoharibu dohani kuliko zote.

La tatu ni bomba la ndani lisilo na kifuniko cha joto. Ndani ya dohani ya ukuta wa nje, bomba tupu linapoa haraka. Lifunikwe kwa blanketi maalumu la milimita 25 kabla ya kushushwa, au dohani ijazwe vermikuliti (chembe nyepesi za madini zinazohifadhi joto) kuzunguka bomba. Hesabu ya vermikuliti: dohani ya 225 kwa 225 ukiondoa bomba inabaki na sentimita za mraba 365 hivi, kwa mita 6 ni lita 220, basi mifuko mitatu ya lita 100. Chini kuzibwe kabisa kwanza, la sivyo utaikuta yote imelala juu ya bamba. Juu kuzibwe mvua isiingie, kwa sababu vermikuliti iliyolowa inapoza bomba badala ya kulitunza.

Madoa yaliyokwisha kutokeza kwenye plasta hayaondoki kwa rangi. Lami imeshaingia kwenye matofali na itarudi kila unyevu ukipita. Zuia chanzo, acha ukuta ukauke miezi kadhaa, ng'oa plasta iliyoathirika, ndipo upige upya.

MADOGO MADOGO

Harufu ya rangi na moshi mwepesi kutoka kwenye jiko jipya ni rangi inayokomaa. Washa mioto miwili au mitatu midogo, madirisha yakiwa wazi. Mlio wa tiki tiki ni chuma kutanuka. Ufa mwembamba kwenye tofali la ndani ya jiko si neno, lakini tofali likimomonyoka au kuanguka, libadilishe kabla ya moto unaofuata. Nyufa kwenye plasta kuzunguka meko zinatokana na chuma kilichobanwa na udongo: acha mwanya wa milimita 5 uujaze kwa kamba ya moto. Harufu ya masizi siku za mvua, jiko likiwa limezimwa, ni maji yanayoingia kileleni au masizi ambayo hayakufagiwa mwisho wa msimu.

Boriti ya mbao juu ya meko iguse kwa kiganja baada ya saa mbili za moto. Ukishindwa kuacha mkono hapo, zima. Mbao inayopashwa kila siku hukauka na kuungua polepole ndani, na huanza kushika moto kwa joto dogo kuliko la mwanzo. Weka kinga ya chuma yenye mwanya wa hewa nyuma yake, au ongeza umbali.

NGURUMO NDANI YA DOHANI

Sauti kama lori linalopanda mlima, bomba linatetemeka, cheche zinatoka kileleni: lami iliyogandama inaungua. Funga hewa zote za jiko, mlango usiguswe, ita zimamoto, watu watoke. Usimwage maji.

Hata moto ukizimika wenyewe, jiko lisiwashwe siku hiyo wala kesho. Ukuta mwembamba wa ndani wa bomba linalopinda hupasuka kwa joto hilo bila kuonyesha dalili nje, na mpasuko huo unaachia moshi na kaboni monoksaidi kupenya kwenye matofali hadi vyumba vya juu. Bomba likaguliwe lote kwa kamera, kutoka shingoni hadi kwenye kofia. Kukiwa na mpasuko mmoja tu, bomba zima linatoka. Kulikata na kuunga kipande katikati hakufai, kwa sababu kiungo hicho kitakaa mahali ambapo hakuna mkono utakaofika tena.